Lugha Ifahamikayo na Watu: Kifungu cha 15 cha Wamethodisti na Kiswahili cha Ibada Kolwezi

Miongoni mwa Kanuni za Imani ambazo John Wesley aliwaandalia Wamethodisti wa Marekani mwaka 1784 kimo kifungu kimoja kifupi ambacho wasomaji wengi hukipita upesi. Ni kifungu cha 15. Kinakataza sala ya hadhara kanisani na huduma ya sakramenti kufanywa katika lugha ambayo watu waliokusanyika hawaielewi, na kinaiona desturi ya namna hiyo kuwa kinyume cha Maandiko na cha mazoea ya Kanisa la kwanza. Wesley hakukibuni. Alikichukua katika Kanuni 39 za Kanisa la Anglikana, zilizokamilishwa mwaka 1571, ambamo ni kifungu cha 24, naye akakiacha karibu kama alivyokikuta. Adui aliyelengwa alijulikana: Kilatini cha misa. Kwa sababu hiyo msomaji wa leo hukiona kifungu hiki kama hati ya kesi iliyokwisha kuamuliwa. Waprotestanti walishinda, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Wakatoliki wenyewe walizipokea lugha za wenyeji katika misa.

Makala haya yanadai kwamba katika miji ya shaba ya Lualaba, hasa Kolwezi, kesi hiyo haijaamuliwa. Yanadai zaidi ya hapo kwamba wengi walioijadili wameitafuta mahali pasipo pake. Wamebishana juu ya Biblia: je, Kiswahili chake ni kigumu mno? Je, itafsiriwe upya? Ilhali kifungu chenyewe hakitaji usomaji wa Biblia hata kidogo. Kinataja sala na sakramenti.

Vitabu vilivyotoka pwani

Uprotestanti ulifika Katanga kabla ya migodi. Frederick Stanley Arnot, wa Ndugu wa Plymouth, aliingia Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mwaka 1886. Msiri mwenyewe asili yake ilikuwa Usumbwa, katika njia za misafara, na Kiswahili cha wafanyabiashara hakikuwa kigeni katika ua wake. Hata hivyo wamisionari waliomfuata Arnot, Dan Crawford wa Luanza akiwa mashuhuri kuliko wote, walitia jasho lao katika Kiluba na lugha za jirani zake. Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya soko na ya msafara, na msafara ulikumbusha watumwa. Mashaka hayo hayakuwa ya Katanga peke yake. Huko Uganda mmisionari Alexander Mackay alitumaini kwamba Kiswahili kingekuja kuwa lugha moja ya Afrika ya kati. Askofu wa baadaye wa nchi hiyo, Alfred Tucker, alilikataa tumaini hilo kwa maneno makali, akiona kwamba lugha hiyo imekaribiana mno na Uislamu.

Pwani mambo yalikwenda kinyume. Edward Steere, askofu wa Zanzibar tangu 1874 hadi kufa kwake 1882, aliyatafsiri Maandiko na sala kwa Kiunguja. Wamisionari wa Mombasa walishika Kimvita, na Biblia yao nzima ikatoka mwaka 1914. Mlutheri Karl Roehl akatoa Biblia yake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu. Yeye na Mwanglikana G. W. Broomfield walikuwa wamekwisha kubishana juu ya jambo hilo katika jarida la Africa mwaka 1930. Hatimaye Union Version iliwakusanya wote, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, katika Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Kamati iliyokisimamia ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti katika baraza hilo, na wachimbaji wa shaba hawakuulizwa neno.

Lakini kitabu kilivuka. Wamethodisti John na Helen Springer walipita Katanga mwaka 1907, wakarudi kuanzia 1910 kufanya makao, na kazi yao ilikua sambamba na reli na migodi. Kapanga, kwa Walunda, walihubiri kwa Uruund. Kambini haikuwezekana hivyo. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na lugha iliyowakutanisha ikawa Kiswahili. Mji wa Kolwezi ulianza mwaka 1937, wakati Kiswahili hicho kilikwisha kuwa lugha ya kuzaliwa nayo kwa watoto wa Elisabethville.

Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power (1986), ameonyesha kwamba Kiswahili cha Katanga si kile cha pwani kilichoharibika njiani. Kilisukumwa na utawala na migodi, ambao walihitaji lugha ya kazi isiyonukia Kiingereza cha kusini. Hoja hiyo ni nzito, na mtu anayetaka kukiita Kiswahili hiki kibovu hana budi kuijibu kwanza. Ila kitabu hicho kinakoma mwaka 1938, yaani mwaka mmoja baada ya Kolwezi kuanza. Yale ambayo watu wenyewe waliyafanya kwa lugha hiyo walipoketi kanisani hayamo, na hayakukusudiwa kuwamo.

Ni haki kumtaja hapa mtu mmoja ambaye mara nyingi husahauliwa. John Whitehead, aliyeanza kama mmisionari wa Kibatisti, alichapisha huko Wayika mwaka 1928 kitabu cha Kingwana, akikiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Wayika iko kando ya Lualaba, mto uleule, mbali huko chini unakoelekea. Kwamba mtu wa wakati huo alikubali kukiita lahaja, wakati wengine walikiita mchanganyiko usio na kanuni, ni jambo la kumpa heshima. Kutokana na mkondo huo wa mashariki yalikuja Maandiko ya Kiswahili cha Kongo. Hata hivyo yana ladha ya Maniema na Kivu zaidi ya ile ya miji ya shaba, na katika mimbari za Kolwezi aghalabu hukutwa Union Version, na kando yake Louis Segond ya Kifaransa.

Mahali ambapo maana hupotea

Lawama inayosikika mara kwa mara ni ya msamiati. Husemwa kwamba Biblia ya Kiswahili imejaa Kiarabu: ghadhabu, dhabihu, fidia, husuda. Lawama hii ina ukoo wa kuheshimika, maana ndiyo ya Roehl. Lakini haifiki mbali. Msamiati hujifunzwa. Mtoto wa shule ya Jumapili huko Manika au Dilala hulijua neno neema na neno dhambi kabla hajajua maneno mengi ya nyumbani kwa babu yake. Neno gumu linalorudiwa kila juma hulainika.

Kisicholainika ni sarufi. Tangu Edgar Polomé alipoandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na Walter Schicho alipochunguza sintaksia yake mwaka 1982, inajulikana kwamba katika Kiswahili cha miji ya shaba upatanisho wa ngeli umepungua sana, kwamba watu ni batu, kwamba mahali huonyeshwa kwa mu, ku na pa badala ya kiambishi -ni, na kwamba kirejeshi hakimo ndani ya kitenzi bali husimama peke yake kwa neno yenye au benye. Chukua sentensi iliyotungwa kwa mfano tu: Upendo aliouonyesha baba kwa watoto waliomkosea ndio uliowarudisha nyumbani. Mtu wa Kolwezi angesema: Mapendo yenye baba alionyesha batoto benye balimukosea, ni ile ilibarudisha ku nyumba. Sentensi zote mbili zina kanuni zake kamili. Katika ile ya kwanza, kazi ya kumwambia msikilizaji nani alimrudisha nani imebebwa na viambishi vidogo, u- na -o-. Katika ya pili imebebwa na mpangilio wa maneno na neno ile. Sikio lililozoea sentensi ya pili, likisomewa ya kwanza kwa haraka, hukamata upendo, baba, watoto na nyumbani, kisha hujijengea lenyewe: baba aliwarudisha watoto. Hasara si kubwa. Lakini hamisha jambo hilo katika nyaraka za Paulo, ambamo sheria, dhambi, mwili, Roho na neema hutendana katika aya moja ndefu, na ambamo mafundisho yote ya kuhesabiwa haki hutegemea kujua ni lipi lililomtoa mtu katika mikono ya lipi. Hapo hasara ni ya imani.

Hata Kiswahili sanifu chenyewe hakiokoi kila kitu. Maneno makuu ya teolojia ya Kiswahili yamejipanga katika mafungu mawili. Yale yaliyotoka Kiarabu, kama neema, dhambi, imani, sheria, haki, toba, rehema na hukumu, yameingia karibu yote katika ngeli moja, ya 9. Yale ya Kibantu, kama wokovu, uzima, upendo, utukufu, utumwa na ukombozi, yana u- mwanzoni na yanapatana kwa namna moja. Maana yake upatanisho huweza kutenganisha fungu na fungu, lakini hauwezi kutenganisha maneno ndani ya fungu. Wanateolojia wa Ulaya wamebishana kwa karne nyingi juu ya kiwakilishi kimoja cha Kigiriki katika Waefeso sura ya 2, mstari wa 8: je, kinachoitwa zawadi ya Mungu hapo ni neema, ni imani, au ni wokovu mzima? Kigiriki kimetumia jinsia isiyopatana na neema wala imani. Union Version imetumia upatanisho wa ngeli ya 9, hivyo imeuondoa wokovu kimyakimya na kuziacha neema na imani zigombane zenyewe, kwa kuwa zote mbili ni za ngeli hiyo. Pasta wa Kolwezi anayeligeuza fungu hilo kwa yenye na ile analazimika kuchagua. Hana pa kujificha. (Inafaa kukumbusha kwamba Kiswahili hutumia neno lilelile, upatanisho, kwa ajili ya sarufi na kwa ajili ya kazi ya Msalaba. Wanafunzi wa isimu walioingia seminari huligundua hilo mapema na hulifanyia mzaha.)

Mahubiri kama tafsiri ya pili

Kwa bahati njema, usomaji wa Biblia kanisani hauachwi peke yake. Baada ya kusoma huja mahubiri, na mahubiri ya Kolwezi hayasemwi katika Kiswahili cha Union Version. Pasta husoma kwa wa-, kisha hufafanua kwa ba-. Husoma vitenzi vyenye virejeshi, kisha huvifungua kimoja kimoja. Na pale Paulo anapounganisha hoja zake kwa kwa maana na basi, pasta mara nyingi huunganisha zake kwa "donc", "alors" na "puisque". Vincent de Rooij, katika tasnifu yake ya Amsterdam ya mwaka 1996 juu ya mazungumzo ya Lubumbashi, alionyesha kwamba viunganishi hivyo vya Kifaransa havitokani na uvivu wala majivuno. Vinafanya kazi ya kupanga hotuba: kwa sababu vinasikika tofauti na maneno yanayovizunguka, humwonyesha msikilizaji mahali hoja inapogeuka. Mtu anayekerwa na "donc" mimbarini akumbuke kwamba anakerwa na mfupa wa hoja.

Mahubiri basi ni tafsiri ya pili, isiyochapishwa, na wakati mwingine huipita ile ya kwanza. Neno lililotafsiriwa mshahara katika Warumi sura ya 6 ni la Kigiriki cha jeshi. Kwanza lilikuwa chakula cha askari, kisha fedha ya kununulia chakula hicho. Katika kambi za Union Minière mfanyakazi alipokea fedha, na pamoja nayo posho, unga na vyakula vingine vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba yake. Mhubiri akilieleza neno la Paulo kwa posho, anamkaribia Paulo zaidi ya watafsiri wa 1952. Tena mshahara wenyewe una historia yake Kolwezi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, Gécamines ikadhoofika, na wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila kulipwa; kuanzia mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika mji kama huo, mhubiri akisema kwamba dhambi ni tajiri asiyechelewesha malipo, watu wanacheka, kisha wananyamaza. Neno bwana nalo lina mizigo ya namna hiyo, kwani lilikuwa jina la msimamizi mweupe wa kambi kabla halijawa la Yesu katika midomo ya wengi. Lakini hilo limekwisha kuandikwa vya kutosha na wengine.

Kwa hiyo wale wanaodai Biblia itafsiriwe upya kwa Kiswahili cha Kolwezi wanatibu mahali ambapo jeraha limeshafungwa kitambaa. Wapo pia waumini, hasa wazee, wanaokipenda Kiswahili cha kitabu kwa sababu si cha sokoni. Shule zimewapa watoto Kifaransa. Kanisa ndilo mahali pekee ambapo wengi wao wamekutana na Kiswahili kilichoandikwa. Kuwanyang'anya hicho kwa jina la urahisi kungekuwa dharau ya aina nyingine.

Sala isiyo na mfafanuzi

Sala na sakramenti ni jambo jingine. Hapa pana mgawanyiko ambao mtu wa nje haoni kwa urahisi. Sala ya bila kitabu, ile inayotoka kinywani mwa mzee wa kanisa au mama wa korali, husemwa kwa Kiswahili cha Kolwezi, au kwa Uruund, Kisanga, Kiluba na Kichokwe. Humo kifungu cha 15 kinatimizwa bila mtu kukikumbuka. Bali saa ya ubatizo, ya Meza ya Bwana na ya ndoa, kitabu hufunguliwa, na lugha hupanda ghafla hadi Kiswahili sanifu au Kifaransa. Yaani pale hasa ambapo kifungu kinataka lugha iteremke kwa watu, ndipo inapokuwa mbali kuliko mahali pengine pote katika ibada. Waanglikana, ambao walipata dayosisi yao ya Shaba mwaka 1986, wamebanwa zaidi, kwa kuwa kwao karibu sala yote ni ya kitabu, na kifungu chao cha 24 ndicho mama wa hiki.

Mtu atasema kwamba watu wanajua kinachotendeka hata kama hawakufuata kila neno. Maji yanaonekana, mkate unaonekana. Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa ya watetezi wa Kilatini, na Mprotestanti hawezi kuitumia bila kuona haya. Lakini liko jibu la kiisimu pia. J. L. Austin, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitenganisha matamko yanayoeleza jambo na matamko yanayotenda jambo. Kuapa, kuahidi na kukubali ni vitendo vinavyofanywa kwa kusema. Msikilizaji wa somo akikosa neno, amekosa habari, na mahubiri yatamrudishia. Mzazi akijibu Ndiyo kwa swali la ubatizo asilolifuata, amefanya nini? Ametoa sauti. Baada ya ibada hakuna mahubiri yanayorudi nyuma kumfanya awe ameahidi.

Swali lenyewe si jepesi. Liturujia ya ubatizo iliyomo katika kitabu cha nyimbo cha Wamethodisti wa Muungano kilichochapishwa Marekani mwaka 1989 humtaka mtu aukatae uovu, kisha humwuliza kama anaupokea uhuru na uwezo ambao Mungu humpa ili kuyapinga maovu, dhuluma na uonevu, kwa sura yoyote yatakayojitokeza. Likihamishwa katika Kiswahili sanifu, swali hilo huzaa virejeshi vitatu au vinne ndani ya pumzi moja. Na si swali la kupamba. Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu 2015, ni mji ambao ardhi yake ina kobalti chini ya vyumba vya kulala. Huko Kasulo familia zilihamishwa mwaka 2017 ili pachimbwe, na mwezi Juni 2019 wachimbaji wadogo zaidi ya 40 walifukiwa katika machimbo ya karibu na mji. Kuwauliza wazazi wa mji huo kama watapinga dhuluma, kwa sentensi ambayo imetungwa ili isifuatike, ni kulificha swali zito kuliko yote ya ibada hiyo.

Basi lisemwe kwa Kiswahili cha Kolwezi. Ndiyo, ila mtafsiri atakutana na shida ambayo wapenzi wa lugha ya mtaani hawaitaji. Neno dhuluma si la kila siku Kolwezi. Neno la kila siku ni mateso. Lakini mateso hayana mtendaji. Njaa ni mateso, ugonjwa ni mateso, mgodi ulioanguka ni mateso. Dhuluma ina mtu aliyeifanya. Ukibadilisha neno kwa neno, umemwondoa mdhalimu katika swali la ubatizo, na kuyapinga mateso hakuna maana kuliko kuipinga mvua. Mtafsiri mvivu atasema lugha haina neno. Lugha ina kitenzi. Kutesa kina mtendaji, na kirejeshi cha Kolwezi kinamweka mbele peupe: bale benye banatesa bengine. Swali likijengwa juu ya kitenzi, mtendaji anarudi, wala hakuna haja ya nomino ya pwani. Hii ndiyo kazi ya lugha inayohitajika, na ni kazi ya kurasa chache, si ya Biblia nzima.

Historia ya Kolwezi inatoa pia onyo. Placide Tempels, Mfransisko aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianzisha mwaka 1953, kati ya wafanyakazi wa Kolwezi, kundi lililoitwa Jamaa, ambalo Fabian alilichunguza katika kitabu cha 1971. Ni jambo la kustaajabisha, na Waprotestanti wangepaswa kulitafakari zaidi ya walivyofanya, kwamba teolojia ya kwanza iliyofikiriwa kwa Kiswahili cha mji huu haikutoka kwa watu wa Neno na wa kifungu cha 15, bali kwa Wakatoliki ambao misa yao ilikuwa bado ya Kilatini. Mafundisho ya Jamaa yalitumia maneno ya nyumbani: uzima, uzazi, mapendo. Hata hivyo maneno hayo ya nyumbani yalikuja kubeba maana ambazo mtu hakuzipata bila kuongozwa hatua kwa hatua na waliotangulia. Jirani asiye wa Jamaa alilisikia neno analolijua asijue limesema nini. Lugha ya wenyeji nayo huweza kuwa Kilatini.

Kwa hiyo haitoshi kwamba liturujia iandikwe kwa ba- na yenye. Inatakiwa ijaribiwe mbele ya watu wasio wa kamati: mama wa soko, mchimbaji wa Kapata, kijana aliyesoma Kifaransa tu. Waulizwe, kabla ya kujibu Ndiyo, wanaulizwa nini. Mapasta wanaofunzwa Mulungwishi husoma teolojia kwa Kifaransa, husoma Maandiko kwa Kiswahili sanifu na huomba kwa Kiswahili cha nyumbani. Wao, kuliko watu wa isimu, ndio wanaojua ni wapi sentensi hukatika. Wala hawahitaji ruhusa ya kugusa mafundisho. Kanuni za Imani zimelindwa tangu 1808 na vizuizi ambavyo Mkutano Mkuu wenyewe hauwezi kuvivuka kwa kura ya kawaida. Kifungu cha 15 ni sehemu ya kile kilicholindwa, na anayeiacha liturujia ya ubatizo katika lugha isiyofuatika ndiye anayekigusa.

Ibada ya maziko inaweza kubaki ilivyo. Wazee wanaipenda katika Kiswahili cha kitabu, na kaburini hakuna anayeulizwa swali. Kazi ianze na maswali ya ubatizo, kisha yafuate yale ya ndoa, ambamo kirejeshi kimoja kisichosikika vizuri huacha shaka kama ni mume peke yake aliyeahidi kutunza, au wote wawili.